Sura ya Saba: Mpira wa Juu

Saa mbili asubuhi Benedicte alikuwa amepiga magoti mbele ya gari lililoungua, nyuma ya kituo cha polisi, na magoti yake yalikuwa yameshachoka kabla ya siku yenyewe kuanza. Ilikuwa siku ya tatu ya kesi. Siku tatu za kwenda na kurudi kati ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na kituo hiki cha kando ya barabara kuu, akisikiliza watu wakimsimulia walichosimuliwa na watu.

Jumatatu gari hili dogo jeupe lilikuwa likipanda mwinuko wa kabla ya Lumbadzi, limebeba magunia manne ya mahindi na dereva mmoja, likawaka moto. Dereva, Ngabo, alitoka uso umeungua, na mikono mpaka viwiko. Tangu hapo alikuwa amelazwa Lilongwe, bandeji mpaka midomoni, hajasema neno. Na ndani ya selo, hatua thelathini kutoka pale Benedicte alipopiga magoti, alikaa Balagizi, fundi aliyelishika gari lile mwisho, kwa tuhuma ya kutaka kuua. Saa nane mchana gari la mahakama lingepita kumchukua. Akishafika mjini na kosa la namna hiyo juu ya jalada lake, angeweza kukaa mahabusu mpaka mwanawe mchanga aanze kutembea.

Huko Bukavu, Benedicte alikuwa inspekta wa upelelezi kwa miaka kumi na sita. Dzaleka alikuwa mkimbizi kama wengine, mjumbe wa kamati ya usalama, hana pingu wala mshahara. Lakini polisi walimwita kila Kiswahili kilipowashinda, na watu wa kambini waliendelea kumwita Mama Inspekta, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka.

Alisukuma boneti iliyokunjamana, akaingiza kichwa.

Moto ulikuwa umeanzia nyuma ya injini, pale chini, juu ya ekzosi. Hapo chuma kilikuwa cheupe. Mbele, karibu na rejeta, rangi ilikuwa imebabuka tu. Hilo alilijua tangu juzi. Leo alikuwa akifuata mipira. Fundi mmoja mzee wa Dzaleka alikuwa amemweleza jana kwa kuchora mchangani: injini ina tumbo, ndimo inamokaa oili, na tumbo hilo hujaa moshi kila injini inapofanya kazi. Moshi huo hutolewa kwa mipira miwili. Mmoja mdogo, wenye valvu, huvutwa na injini yenyewe. Wa pili, mkubwa, hutoka kwenye kifuniko cha juu na kwenda kwenye njia ya hewa. Moshi ukikosa pa kutokea, tumbo huvimba, na oili hutafuta njia yake yenyewe.

Mpira mdogo ulikuwa umebaki majivu, lakini valvu yake ilikuwepo. Wa juu ulikuwa umebaki kipande, urefu wa kidole. Ndani ya kipande hicho kulikuwa na boloti nene, na juu yake klipu, imekazwa mpaka mwisho.

Benedicte aliandika. Kisha akapitisha kidole kwenye bomba la hewa, lile la aluminiamu linalotoka kwenye chujio. Kidole kikagota kwenye kitu. Kimdomo cha shaba, kipya, kimekazwa vizuri kwenye tundu lililotobolewa kwenye bomba. Kilikuwa kitupu. Hakukuwa na alama ya klipu wala mabaki ya mpira.

Aliandika na hilo, akaweka alama ya kuuliza.

"Bado unavihoji vyuma, amayi?"

Sajenti Kachala alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai, akimwita mama kwa Chichewa chake. Alikuwa mtu mwema, mwenye kesi nyingi na petroli kidogo.

"Havijanidanganya bado," alisema Benedicte.

"Kijana amekiri. Aliziba ule mpira, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Ameweka sahihi. Na wiki iliyopita, mbele ya watu sokoni, alimwambia dereva, utaona. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kumwona."

Sajenti akapuliza chai yake. "Gari la mahakama halitanisubiri mimi, sembuse wewe."

*

Balagizi alikuwa na miaka ishirini na minne, na grisi ya Jumatatu ilikuwa bado chini ya kucha zake.

"Umekula?" aliuliza Benedicte.

"Nsima. Walinipa asubui."

"We ni fundi wa nini hasa, Balagizi?"

Kijana aliangalia sakafu. "Wa kinga. Baiskeli. Kabaza zote za Dzaleka, zile za kubeba bantu, zilipita mikononi mwangu, Mama. Kwa magari niko na miezi mine tu."

"Na Ngabo alikuwa anakutania."

"Aliniitaka docteur wa pedali. Kila siku, mbele ya bantu. Siku moja nikamwambia, utaona. Kila muntu anasemaka vile. Hata we, Mama, ulisha kusema."

"Nilisha kusema. Ile bulon ndani ya mpira, nani aliitia?"

"Mi."

"Kwa nini?"

"Patron aliniambia nifunge mpira ya juu. Njo nikafunga."

"Nsabimana alikuambia? Kwa mdomo wake?"

"Kwa telefone. Mesaji. Ye alikuwa kule Lilongwe kutafuta vyuma. Bapolisi bako na telefone yangu, batri imekufa."

"Uliwaambia polisi?"

"Nilimwambia ule mwenye kututafsiria. Akasema kila mwizi anatumwaka. Hakuandika."

Benedicte aliinamisha kichwa kidogo. Alimjua mkalimani huyo, na alijua pia kwa nini jioni ile ya mahojiano hakuitwa yeye: alikuwa mjini Mponela, kwenye kesi ya kuku.

"Kulikuwa kamdomo ka shaba kwa bomba ya hewa. Ulikaona?"

"Nilikaona. Nilifikiri ni ya kintu ingine, patron atakuja nayo kesho."

"Hukuuliza?"

"Mama." Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Muntu wa kinga akiuliza, mafundi ba magari banacheka siku nzima."

*

Simu ya Balagizi ilichajiwa kwenye meza ya Sajenti kwa dakika ishirini kabla ya kuwaka. Ujumbe ulikuwepo, wa Jumatatu, saa nne na robo asubuhi, kutoka kwa Nsabimana, mwenye gareji:

*Usisahau mpira wa juu. Ufunge vizuri, gari liende. Mteja anasubiri.*

Benedicte aliusoma mara tatu. Ulikuwa wazi kama mchana. Na Jumanne, kwa simu, Nsabimana alikuwa amemwambia kwa sauti isiyotetereka: sijamwamuru mtu yeyote azibe kitu chochote. Tangu moto ule hakukanyaga tena Dzaleka. Gareji yake ilikuwa na kufuli.

"Basi ni wawili," alisema Sajenti. "Mwenye gareji anaamuru, kijana anatenda. Nitawakamata wote."

"Nipe mpaka saa nane."

"Nimekwambia, si mimi ninayeitoa hiyo saa nane."

Lori la unga lilikuwa likiondoka kituoni baada ya dereva wake kukaguliwa leseni. Benedicte alipanda mbele, akavua kiatu kimoja, akakaa hivyo mpaka Kanengo, pembezoni mwa Lilongwe, alikosema Nsabimana kwa simu kwamba yuko.

*

Nyuma ya maghala ya tumbaku, mahali ambapo harufu ya majani inakukaba hata ukipumua kwa mdomo, palikuwa na uwanja wa magari mabovu. Nsabimana alikuwa akifanya kazi pale, kwa ruhusa ya mwenye uwanja. Alikuwa Mrundi mrefu wa miaka arobaini, aliyekulia kwenye kambi za Kigoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule, kilichonyooka. Pembeni yake, ndani ya basi dogo lisilo na viti, jamaa mmoja wa Uvira aitwaye Guelord alikuwa amelala chali chini ya usukani. Redio ililia juu ya sakafu, nyaya nje, nyimbo za kanisani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umehama gareji?"

"Sijahama. Naogopa." Alisema bila aibu, akiendelea kusugua chuma kwa brashi. "Ndugu zake Ngabo wamesema watanichoma kama nilivyomchoma."

"Ulimchoma?"

"Hapana."

"Nieleze ulilifanya nini gari lile."

Nsabimana aliweka brashi chini. Hapo alibadilika. Mabega yalimshuka, mikono ikaanza kusema pamoja naye. Mwenye gari alitaka nguvu za kupanda na mizigo. Basi alimtafutia throto kubwa zaidi, lile koo lenye kibati kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Alilipata hapahapa uwanjani, la injini nyingine. Koo la zamani lilikuwa na kimdomo pembeni, mahali pa kuingizia mpira wa juu. Hili jipya halikuwa nacho.

"Fundi mvivu anauacha mpira unaning'inia, injini inameza vumbi. Fundi mjinga anauchomeka nyuma ya kibati, kwenye mvuto, injini inakunywa oili kama mlevi. Mahali pake ni mbele ya kibati, baada ya chujio. Basi Jumapili nilitoboa bomba la hewa, nikaweka kimdomo cha shaba. Kazi safi. Jumatatu alfajiri nikaja huku kutafuta gasketi ya gari lingine."

"Mpira wa juu ukizibwa, inakuwaje?"

"Ukienda polepole huoni kitu. Ule mdogo wenye valvu unatosha. Lakini ukipakia mahindi, ukakanyaga mpaka chini kupanda mlima, mvuto unakwisha, valvu haina kazi tena. Moshi wote wa tumboni unatafuta mpira wa juu. Ukiukosa, unasukuma oili kwenye sili ya nyuma." Akaelekeza kidole chini. "Na pale nyuma, chini, ndipo penye ekzosi."

Hayo ndiyo aliyoyaona Benedicte asubuhi, moja baada ya jingine. Mtu huyu alikuwa amezieleza dalili zote bila kuliona gari. Ama hakuwa na hatia, ama alijua tangu mwanzo nini kingetokea.

Alifungua daftari, akamwekea ujumbe mbele ya macho, jinsi alivyounakili.

"Uliandika wewe?"

Nsabimana alisoma. "Niliandika mimi."

"Unakubali?"

"Nakubali. Kwa nini nisikubali? Mpira ule usipofungwa, nimeshakueleza yanayotokea."

"Umenieleza ukifungwa yanayotokea."

"Usipofungwa, mama."

"Nsabimana, mi si mtoto wa kuchezewa. Jumanne ulisema hukumwambia azibe."

"Na leo nasema hivyohivyo. Sikumwambia azibe."

"Na hii ni nini?"

"Hii ni kumwambia aufunge."

Walitazamana. Benedicte alikuwa amekutana na waongo wa kila aina, wanaolia, wanaoapa, wanaojibu swali kwa swali. Huyu hakufanana na yeyote kati yao. Alikuwa amekasirika kama mtu anayebishiwa jina lake mwenyewe.

Nyimbo za kanisani ziliendelea. Nsabimana aligeuza kichwa, akapaza sauti kuelekea kwenye basi.

"Guelord. Hiyo redio ifunge, mwenye gari anakuja saa saba."

Mkono ulitokea chini ya usukani, ukapapasa, ukazungusha kitufe. Uwanja ukanyamaza.

Nsabimana alicheka, cheko la mtu aliyechoka. "Umeona? Nasema afunge redio, yeye anaizima."

"Si umesema nifunge?" ilijibu sauti ya Guelord. "Nimefunga."

"Ifunge kwenye dashibodi, bwana, pale penye shimo."

"Aa. Nimonte. Sema basi nimonte. Unanisumbua na Kiswahili ya kitabu."

"Kila siku ni hivi," Nsabimana alimwambia Benedicte. "Nyie Wakongo mna maneno yenu."

Benedicte hakucheka. Alikaa juu ya tairi, taratibu, daftari likiwa wazi mapajani.

"Kwenu fundi akifunga betri, anafanya nini?"

"Anaiweka mahali pake, anakaza nati."

"Akifunga tairi?"

"Hivyohivyo, mama. Anaiweka, anakaza."

"Na akifunga mpira?"

Nsabimana alichukua daftari kutoka mapajani mwa Benedicte bila kuomba, akasoma tena mstari ule, midomo ikitembea, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Aliuziba," alisema. "Aliuziba na nini?"

"Boloti, ndani ya mpira wa juu. Na klipu juu yake, imekazwa mpaka mwisho. Ulimwambia afunge vizuri. Alifunga vizuri."

Nsabimana alimrudishia daftari.

Bukavu watu hufunga mlango, hufunga duka, hufunga redio, hufunga na mdomo. Kwenye gareji, kuweka kifaa mahali pake ni kumonte. Benedicte alikuwa wa Bukavu, na kwa macho ya Bukavu aliusoma ujumbe ule mara tatu, akauona uko wazi kama mchana. Angempeleka mtu huyu gerezani akiwa na uhakika wote.

"Saa ngapi wanampeleka?" aliuliza Nsabimana.

"Saa nane."

"Sasa ni saa sita unusu. Nikienda nawe, watanikamata."

"Inawezekana."

"Na nisipoenda?"

"Atakwenda kwa kosa la kutaka kuua. Nitaandika karatasi kumtetea. Nimeshaandika karatasi nyingi, Nsabimana. Karatasi ya mkimbizi bila mtu nyuma yake inasomwa na panya."

Nsabimana alichukua sabuni ya unga, akanawa mikono kwenye ndoo, kidole kwa kidole, akaikausha kwa suruali.

"Guelord, tunatoka. Funga geti."

Guelord alilifunga, na safari hii hakuna aliyekosea.

*

Walifika kituoni saa nane kasoro dakika kumi na mbili. Sajenti Kachala alikuwa akipanga majalada juu ya kaunta, na la Balagizi lilikuwa la juu.

Benedicte alieleza kila kitu kwa Chichewa, mara moja. Sajenti alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Neno moja haliwezi kuwa kuziba na pia kuunganisha. Hizo ni hadithi za wakosaji."

"Sajenti, kwenu kumanga ni nini?"

"Kumanga nyumba. Kujenga."

"Na kumanga mbuzi?"

"Kumfunga kamba."

"Na kumanga munthu?"

Sajenti aliziangalia pingu zilizoning'inia ukutani. "Kumkamata."

"Mkuu wako akikutumia ujumbe wa neno hilo peke yake, utabeba matofali au pingu?"

Kwa mara ya kwanza katika siku tatu, Sajenti alicheka. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Kisha cheko likaisha, akaanza kugonga jalada kwa kidole.

"Sawa. Kutaka kuua hakuna. Lakini kuna mtu hospitalini hana ngozi ya mikono. Gari linakuja, na mimi lazima niwe na jina. Uzembe ni kosa pia. Wa nani?"

Balagizi alikuwa ameletwa kutoka selo, viatu mkononi. Alimwona patron wake, akasimama.

"Mi njo nilitia bulon," alisema.

"Nyamaza," alisema Nsabimana. Alimgeukia Sajenti, na Benedicte akatafsiri. "Gari lilitoka kwenye gareji yangu sijaliona. Fundi hatoi gari kwa simu. Lau ningefungua boneti dakika moja tu, ningeona. Andika mimi."

"Patron, ungeandika monte."

"Na wewe ungeuliza."

"Mungenicheka."

"Ndiyo," alisema Nsabimana. "Tungekucheka."

Nje, gari la mahakama lilipiga honi. Nsabimana alitoka mwenyewe, hakuna aliyemshika. Balagizi alibaki kwenye benchi, huru, wala hakuvaa viatu.

Sajenti alifuta, akaandika upya, kisha akamsukumia Benedicte fomu. Mahali pa tafsiri ya ule ujumbe palikuwa na mstari mmoja. Benedicte alitafsiri kwa Kiingereza mpaka akalifikia lile neno, ufunge. Kalamu ikasimama. Akiandika kuziba, Nsabimana angeonekana ameamuru mtu achomwe. Akiandika kuunganisha, Balagizi angerudishwa selo kwa kufanya kinyume kwa makusudi. Mstari haukuwa na nafasi ya maelezo, ila ya neno moja kwa neno moja, na dereva alikuwa akipiga honi ya pili.

Aliliandika kwa Kiswahili, kama lilivyo, akapiga mstari chini yake, akaongeza jina lake.

Sajenti aliisoma fomu ikiwa kichwa chini. "Hakimu hajui Kiswahili, amayi."

"Basi itabidi aniite," alisema Benedicte, akainuka kwa kushika kaunta. "Mwambie nitakuja."